Matairi ya Marehemu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo na nusura initoe roho. Nilitoka kiwandani saa kumi, lami imelowa kidogo tu, ule ulowevu wa mwanzo unaochanganyika na vumbi na mafuta ya miezi yote ya jua. Nikakata kona ya duka la dawa kama ninavyoikata siku zote. Tairi la nyuma likakimbilia pembeni, kisha likarudi. Muuza dawa alikuwa mlangoni, akaniona, akatikisa kichwa.

Daftari hili limetoka kazini. Tulibandika majalada mia mbili kichwa chini miguu juu, na msimamizi akasema kila mtu ajichukulie. Nimechukua moja niandike jambo ambalo siwezi kumwambia mtu: nina wivu. Namwonea wivu mwanamume aliyekufa miaka minne iliyopita. Haya, nimeliandika, na kalamu haijavunjika.

Huyo marehemu alikuwa mume wa kwanza wa mke wangu. Alimwachia nyumba, kabati la vitabu na pikipiki. Wala si pikipiki hizi za kubebea magunia. Ni kruza, ile unayoikalia kama kiti cha sebuleni, miguu imetangulia mbele, usukani umetanuka, tangi linang'aa, na mngurumo wake unafika kabla yake. Nilipohamia hapa niliikuta bandani imefunikwa turubai. Nikaomba niitumie. Mke wangu alinitazama kidogo, akanipa ufunguo. Tangu siku hiyo mtaa ukisikia mngurumo unageuka kutazama, na ukishaona kuwa ni mimi unaendelea na shughuli zake.

Huu ni mwezi wa nane tangu tuoane, na mke wangu hajapanda nyuma yangu hata mara moja. Kazini kwake, kwenye duka la miwani, anakwenda kwa miguu. Nikimwambia panda nikupeleke, mara sketi, mara viatu, mara nywele. Lakini jirani wa kushoto alishanisimulia, tena bila kuulizwa, kwamba enzi za marehemu walikuwa hawakosi kupita hapa wawili juu ya kruza, kila Jumanne na Ijumaa, iwe mvua iwe jua. Nikabadilisha mazungumzo. Marehemu akiingia tu kwenye maneno ya mtu, mimi hubadilisha mazungumzo. Wao walikuwa na Jumanne na Ijumaa. Sisi hatuna hata siku moja.

Nataka akae nyuma yangu. Msimu huu hilo ndilo ninalolitaka, sina jingine.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nimekwenda kazini kwa miguu. Nyumbani nimesema nanyoosha mwili.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeipeleka kruza kwa fundi wa matairi wa mtaa wa nyuma. Wanamwita Upepo kwa sababu ya mashine yake ya kujazia upepo, ambayo inanguruma kutwa nzima na yeye anaongea juu yake bila kupandisha sauti, kwa hiyo mteja inabidi uiname kama unaungama dhambi. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma, halafu la mbele, akaguna.

Alinionyesha. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na tairi likilika hadi uso wake ukawa sawa na vile vinundu, basi limekufa. La nyuma lilishakufa, katikati limelika hadi kuwa bapa. La mbele lilikuwa na mifereji bado, ila ubavuni lilikuwa limechanika nyufa nyembamba. Kisha akasugua uchafu ubavuni kwa kitambaa, zikatokea namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kumbe tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Haya yana miaka tisa. Akasema hakuna kuziba wala kubembeleza, yote mawili yatoke kabla mvua haijakolea.

Akaanza kuuliza kama daktari. Napita njia gani. Naendesha mwendo gani. Mvua ikinyesha napanda au naacha. Na mnapanda wawili au peke yako, maana tairi la nyuma huchaguliwa kwa uzito.

Nikasema wawili. Uongo ulitoka wenyewe, mwepesi kabisa.

"Basi mwulize shemeji," akasema Upepo. "Yeye ndiye anayeyajua matairi haya."

Shemeji. Nimerudi nyumbani najiuliza, shemeji kwa upande wa nani? Upepo alikuwa rafiki wa marehemu. Mimi ananiita bosi.

Jumapili, 8 Machi

Nilimkuta mke wangu mezani anakaza mkono wa miwani ya mteja kwa bisibisi ndogo kama sindano. Nikamwambia matairi yamekwisha, tunabadilisha, anaona tuweke aina zipi.

"Weka zile zile," akasema, hakuinua hata macho.

Nikamuuliza kwa nini zile zile.

"Zinashika."

Nikauliza chai imebaki au imekwisha. Sikutaka kusikia zaidi ya hapo, jinsi zilivyoshika na waliposhikana.

Zile zile ni zipi, hata mtoto anajua. Ni zile zenye mstari mweupe ubavuni, mviringo mzima, kama kola ya shati. Sebuleni kuna picha ya marehemu amesimama kando ya kruza, mkono juu ya tangi, mabega mapana, na ile mistari miwili myeupe chini inang'aa kuliko meno yake. Sasa imefubaa, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Lakini mke wangu anataka nimrudishie upya. Nichague mwenyewe, nifunge mwenyewe, kisha nimwendeshe marehemu mjini.

Jumanne, 10 Machi

Jumanne. Nimemchunguza mke wangu wakati wa kula kama atashusha pumzi. Ameshusha mara moja. Inaweza kuwa ni pilipili.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda tena kwa Upepo. Amepata aina tatu na kuzipanga ukutani. Za kwanza zina mstari mweupe, zimetoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, nzuri kutazama, ila mifereji yake ni michache na namba nne zinasema zimekaa ghala miaka mitatu. Za pili ni nyeusi tupu, mifereji mirefu inayotoka katikati na kukimbilia pembeni ili kusukuma maji. Za tatu ni za mwendo kasi, laini, zinanata kwenye lami kavu lakini huisha upesi, na Upepo alizitaja kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu tu.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Nikishika zenye mstari mweupe, namwona yeye kwenye picha. Nikishika nyeusi, namsikia mke wangu anasema zile zile. Mwisho nikatoa wazo, nikaliona la hekima kweli kweli: mbele tuweke nyeusi, kwa kuwa mbele ni mimi, na nyuma tuweke lenye mstari mweupe, kwa kuwa nyuma ni mke wangu.

Upepo alizima mashine. Sijawahi kumwona anaizima. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanieleza taratibu kwamba tairi la mbele linafungua njia kwenye maji na la nyuma linafuata palipofunguliwa, na yakiwa ya aina mbili yasiyoelewana, kila moja litataka njia yake, na mimi nitapata ya tatu, ya kwenda mtaroni.

"Mchagua nazi hupata koroma, bosi," akasema. "Na mvua haitakusubiri."

Nikaondoka na matairi yangu yaliyokufa.

Jumapili, 15 Machi

Kaka wa mke wangu amekuja kula. Ameikuta kruza kibarazani, amezunguka matairi, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wote wamecheka, mke wangu pia. Nimecheka kuliko wote, na hadi sasa utumbo unaniuma.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua kubwa. Nimeipanda kruza hivyo hivyo, mwendo wa jongoo.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kazini nimekata rundo zima la madaftari ya shule upande usio wake. Msimamizi kaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nimesema sina. Kweli sina. Nina marehemu.

Jumanne, 24 Machi

Leo mke wangu alichelewa kurudi, nami nikaitoa ile picha ukutani nikaitazama kwa lenzi yake ya kukuzia. Nilijiambia natazama mifereji ya matairi. Nilitazama mifereji dakika moja. Zilizobaki nilimtazama yeye. Alikuwa mwanamume mzuri, hilo nakiri, na alisimama kama mtu ambaye hajawahi kuomba ufunguo wa kitu chochote.

Mke wangu aliingia akanikuta nayo. Akakaa kitini, akasema taratibu kwamba kuna jambo kuhusu pikipiki ile anataka kunieleza. Nikarudisha picha ukutani, nikamuuliza kama tumelipia maji. Akasema tumelipia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimempigia simu Upepo, nimemwambia aweke zile za mwendo kasi. Baada ya saa moja nimempigia tena, nimemwambia aache. Amesema sawa bosi, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Jumamosi, 28 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi hizi zinasomeka kama alama za kuku. Mkono wa kulia uko kwenye plasta. Mfupa wa kifundo umepata ufa.

Ilikuwa kona ile ile ya duka la dawa. Tulifanya kazi nusu siku, mvua ilikuwa imekatika kidogo, nikasema nitawahi. Sikuwa na mwendo. Niligusa breki ya nyuma kidogo tu, na tairi likaondoka chini yangu kana kwamba halikuwahi kuwa langu. Mimi nikaenda huku, kruza ikalala ubavu ikatambaa hadi ukingo wa barabara, gurudumu linazunguka hewani.

Muuza dawa alinikalisha kwenye benchi lake, akanifunga mkono kwa kipande cha boksi. Watu wakajaa. Wanaume watatu wakajaribu kuinua kruza, mmoja kashika usukani, mmoja kiti, mmoja anatoa amri. Ikapanda kidogo, ikawashinda, ikalala tena. Wakaanza kubishana nani aliyelegea. Muuza dawa alikuwa ameshampigia simu mke wangu, na duka la miwani haliko mbali. Akaja kwa miguu, mwavuli mkononi, mvua imeanza tena.

Alianzia kwangu. Alinitazama macho, akanishika vidole kimoja kimoja, akaniambia nivichezeshe. Vikacheza. Akavuta pumzi. Kisha akamkabidhi muuza dawa mwavuli, akaenda ilipolala kruza, na wale wanaume wakampisha wakidhani anakwenda kuilia.

Akazima ufunguo. Akazunguka, akainama, akafungua kile chuma cha kuegeshea upande wa pili, ili ikisimama isiangukie huko. Akakusanya sketi, akaifunga fundo gotini. Halafu akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa makalio yakigusa kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine chini ya kiti, akaanza kurudi nyuma hatua ndogo ndogo, miguu ndiyo inayosukuma na wala si mikono. Kruza ikainuka, polepole, bila kelele, ikaegemea chuma chake ikatulia.

Alipanda. Aliwasha, akasikiliza, akagusa breki mbili akajaribu, akanigeukia.

"Mimi natangulia kwa Upepo," akasema. "Wewe nenda hospitali na huyu baba."

Akaondoka kwenye mvua juu ya yale matairi yaliyokufa, mgongo umenyooka, hakutikisika hata kwenye kona iliyonimwaga mimi.

"Sijamwona juu yake tangu msiba," muuza dawa akasema.

Nikamuuliza tangu lini mke wangu anaendesha pikipiki.

"Hukujua?" Alinitazama kama anayetafuta mahali pengine nilipoumia. "Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mgonjwa alikuwa anakaa nyuma."

Jumapili, 29 Machi

Mke wangu ameniambia yote leo asubuhi, na mara hii sikuwa na mkono wa kwenda kutafuta chai.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za kusafishwa damu. Figo za marehemu zilikufa, na hospitali yenye mashine iko upande wa pili wa mji. Mwaka wa kwanza walikwenda kwa gari la kukodi, lakini likikaa kwenye foleni alikuwa anatapika, na mwenyewe akasema heri afe anapigwa na upepo. Kwa hiyo akamfundisha mke wake kuendesha kruza, kibarazani kwanza, kisha mtaani, na jambo la kwanza alilomfundisha ni kuiinua ikianguka. Miaka mitatu mke wangu akampeleka na kumrudisha. Mwishoni mgonjwa alikuwa hana nguvu za kujishikilia, basi mke wangu alikuwa anakunja shuka, analipitisha nyuma ya mgongo wa mgonjwa na kulifunga mbele, tumboni kwake yeye mwenyewe, ili wakiyumba wayumbe pamoja.

"Miaka yote ile, nimembeba mgonjwa, mvua inanyesha, hayakuniteleza hata mara moja," akasema. "Ndiyo maana nilisema zile zile. Ile mifereji. Inashika."

Nikauliza, na ule mstari mweupe.

Akacheka, kicheko chenye maji. "Ule naukoma. Anakaa kibarazani hajiwezi, ananielekeza niusugue kwa mswaki. Hapo, hapo umeruka. Ningepata nyeusi ningeshukuru Mungu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi.

"Kila nikianza, unaniuliza chumvi iko wapi."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma tangu tuoane, kwa nini hataki kukaa nyuma yangu. Akasema hajui kukaa nyuma, hajawahi. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pale nyuma ndipo alipokuwa anafia yule mtu, kidogo kidogo, na yeye anaendesha haoni, anahisi tu mgongoni. Hawezi kupakalia.

"Na kwa nini ulinipa ufunguo?"

"Ulifurahi sana ulipoiona," akasema. "Nilitaka mtu afurahie kitu humu ndani."

Alhamisi, 2 Aprili

Mtu angedhani wivu wangu umekufa. Umenenepa.

Zamani nilimwonea wivu mwanamume mwenye mabega mapana aliyembeba mke wangu mjini. Yule hakuwahi kuwapo, nilimtunga mimi. Sasa nina mwingine, huyu ni wa kweli na ni mbaya zaidi: mwanamume asiyeweza kusimama, aliyefungwa kwa shuka kwenye kiuno cha mke wangu, kifua kwa mgongo, mara mbili kwa wiki kwa miaka mitatu. Nafanya hesabu na kujiumiza mwenyewe. Leo nimefungua kabati kwa mkono mmoja natafuta hilo shuka. Nimekuta mashuka saba. Nimeyatazama yote kwa chuki.

Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Mimi sijakonda, lakini silali vizuri. Nimejiuliza kwa uaminifu ninachomwonea marehemu ni nini, nikaona si pikipiki, si mabega, wala si Jumanne. Ninataka kujua kama mimi nikilala kitandani nisijiweze, atanifunga kiunoni kwake namna ile, au alishafunga mara moja na nguvu zikaishia kule. Swali hilo mtu hamwulizi mkewe, hasa akiwa ndiyo kwanza anamkatia nyama kwenye sahani kwa sababu ya plasta.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumekwenda kwa Upepo wote wawili. Nilisimama kando kama mwavuli.

Mke wangu alichagua kama anavyochagua lenzi. Alianza na zile namba nne, akauliza wiki ya ngapi, mwaka gani. Akabana kingo kwa vidole viwili asikie ugumu. Akaingiza ukucha kwenye mifereji. Zile za zamani hazitengenezwi tena, Upepo akasema, ila hizi nyeusi ndizo ndugu zake wa karibu, mifereji inatoka katikati vile vile. Zenye mstari mweupe hakuzigusa. Za mwendo kasi alizisogeza kwa mguu. Wakaanza kukumbushana barabara ya hospitali, shimo la daraja, siku tairi lilipochomwa msumari na Upepo akawafuata kwa baiskeli. Walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nahesabu mara alizoitwa shemeji. Nane.

Katikati ya kicheko mke wangu akanigeukia, akaniuliza mimi naonaje.

Nilitazama yale matairi meusi. Nilitamani kuyakataa, niwe na neno moja langu kwenye jambo hili. Nikasema yako sawa. Yalikuwa sawa kweli.

Upepo ataagiza la nyuma lenye uwezo mkubwa wa uzito. Wiki moja.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Plasta inawasha.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Mke wangu amenikuna ndani ya plasta kwa bisibisi ya miwani. Nimemuuliza kama marehemu naye alikuwa anawashwa. Ni mara ya kwanza kumtaja mwenyewe. Amesema ndiyo, ngozi yote, na alikuwa anamkuna kwa kitana. Nikasema bisibisi ni bora. Akasema bisibisi ni bora.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimetoka kuvua viatu sasa hivi, nataka kuandika kabla sijasahau hata kimoja.

Matairi yamefungwa. Upepo alituonyesha mishale midogo ubavuni, inayoelekeza tairi lizunguke upande gani, akatuachia kila mmoja ahakikishe kwa macho yake. Akaonya kwamba tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, siku za kwanza mwendo wa taratibu, hakuna kulalia kona. Barabara ilikuwa imelowa bado, mvua imekatika tangu saa nane.

Mke wangu alivaa kofia ngumu yake. Sikujua kama anayo. Akapanda, akaishika kruza sawasawa, akasubiri.

Sikuwa na namna ya kuendesha, mkono uko kwenye plasta. Ilibaki ile sehemu ya nyuma. Niliitazama. Miezi minane nimetaka yeye akae pale, na sasa napanda mimi, mtu mzima, mbele ya watu wa mtaa, kwenye kiti cha yule yule. Nakiri roho ilinisimanga. Nikapanda.

Upepo akachuchumaa kwenye tairi la nyuma na kipimo chake, akachomeka mpira wa mashine. "Wawili," akajisemea, "arobaini." Kisha mkono ukasita hapo hapo.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "unakumbuka tulivyokuwa tunashuka?"

"Nakumbuka."

Akanitazama mimi. Alinieleza akiwa amechuchumaa, na kwa mara ya kwanza alipandisha sauti ili nimsikie vizuri. Kruza hii ikibeba watu wawili, tairi la nyuma linataka upepo wa arobaini kwenye kipimo. Akiwa mtu mmoja, thelathini na sita. Walipoanza kwenda hospitali kwa kruza alikuwa anajaza arobaini. Halafu mke wangu akaja akasema pikipiki inarukaruka, punguza. Akapunguza ikawa thelathini na tisa. Baada ya miezi akarudi tena. Thelathini na nane. Thelathini na saba.

"Mwezi wa mwisho nilijaza thelathini na sita," akasema. "Walikuwa bado wanapanda wawili. Lakini tairi lilikuwa halimsikii tena."

Mke wangu alikuwa anatazama mbele. Niliuona mgongo wake tu. Na mimi ndiye niliyemwonea mtu huyo wivu wa mabega.

Upepo akajaza. Tulisikia mashine inanguruma na nikaihisi kruza inainuka chini yangu kidogo. Akasoma kipimo, akasema arobaini kamili.

"Ongeza moja," akasema mke wangu. "Huyu anakula."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na hata sikuudhika. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akautafuta ule mkono wangu mzima, akauleta kiunoni kwake, akaukandamiza pale mara mbili, kama mtu anayefunga kitu.

Tukaondoka taratibu. Matairi mapya yalitoa sauti ya kunyonya kwenye lami yenye maji. Kwenye njia panda, kushoto ni barabara ya hospitali, kulia ni ya nyumbani. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, gari la nyuma likapiga honi. Akakata kulia.

Mbele kidogo akasema neno, kofia ikalimeza. Nikainama nimsikie.

"Mzito wewe," akasema.

Akarudia tena, sauti imekatika, nikajua analia. Sikuuliza analia kwa ajili ya nani. Barabara ilikuwa inateleza na mimi nilikuwa na mkono mmoja tu, nikamshika nao hadi nyumbani.